Jumapili ya Kufunga Kanisa

Mchungaji Githaiga alipokuja kutufungia kanisa, alitukuta watatu tu: mama yangu, mimi, na mama mmoja Mkamba aliyeitwa Kalekye, ambaye hakuwa hata amebatizwa. Ilikuwa Julai, na ukungu wa Nunguni ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Mchungaji alipangusa matope ya viatu kwenye gunia tuliloweka kizingitini, akatazama mabenchi matupu, akasema kwa upole, "Basi, tuanze."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nyumbani, nyuma ya mashine ya posho, ya kusaga mahindi, aliyotuachia baba, vitanda vilikuwa vimefunguliwa na vyombo kufungwa kwa magazeti. Jumanne lori la mjomba lingetuchukua kwenda Thika. Tayari nilikuwa nimewaaga marafiki zangu, na nilikuwa nimeshajiona nikitembea kwenye barabara ya lami, mahali ambapo hakuna mtu ambaye angeniita mtoto wa Mkikuyu wa mashine.

Baba, Njogu, alitoka kwetu Kahuro akafika Nunguni, nchi ya Wakamba, kabla sijazaliwa, mashine ikiwa juu ya pikapu ya kuazima. Wengine kutoka kwetu walimfuata: mwenye kuuza misumari na saruji, mwenye vitambaa, mabwana wawili waliokuwa wakinunua kabeji na kuzipeleka Nairobi. Mwanzoni walisali ndani ya stoo ya mashine. Mama alisema ukifungua kitabu cha nyimbo unga ulikurukia usoni, na watoto walitoka ibadani weupe kama waliopakwa majivu. Baadaye wakajenga kanisa la mabati na mbao kwenye kipande cha shamba la baba, baba mwenyewe akiwa juu ya paa na misumari mdomoni.

Ibada ilikuwa ya Kikuyu, mwanzo hadi mwisho. Wakamba majirani zetu walikuwa na makanisa yao makubwa, na hatukuwahi kuwaalika kwetu. Haikuwa kwa ubaya. Wiki nzima watu wetu walinunua na kuuza kwa lugha ya wenyeji. Jumapili walitaka kusikia lugha ya nyumbani, wapumzishe ulimi.

Kalekye alikuja bila kualikwa. Alikuwa mteja wetu, akituletea mahindi yake kusagwa. Binti yake, Ndunge, alipofariki kwa homa ya mapafu, mama aliwachukua wenzake wa Woman's Guild, chama cha akina mama wa kanisa, wakavaa vitambaa vyao vya kichwa, wakabeba unga na sukari, wakateremka matuta hadi kwake. Hawakuwa na Kikamba cha msiba. Wakaimba tu, Kikuyu, jioni nzima, wakalala huko huko. Jumapili iliyofuata Kalekye aliketi benchi la nyuma, na hakuacha tena kuja. Katika mahubiri yote neno pekee alilolijua kwa hakika lilikuwa Ngai, kwa sababu sisi na Wakamba Mungu tunamwita jina moja. Mengine aliyakisia.

Kisha baba akafa. Halafu ukaja ule mwaka wa uchaguzi mbaya, watu wakifukuzwa na kuuawa kwingine kwa sababu ya kabila, na ingawa Nunguni hakuna aliyetugusa hata kwa neno, watu wetu waliingiwa na hofu wakaanza kuondoka. Mwenye vitambaa alienda kwanza. Wale wa kabeji wakafuata. Mzee wa kanisa wa mwisho alihamia kwa mwanawe Ruiru. Mama akabaki akifungua kanisa kila Jumapili, akisoma Maandiko mwenyewe, mimi na Kalekye tukimsikiliza. Mwishowe naye akachoka, akampigia mjomba simu.

Siku hiyo Mchungaji alihubiri kwa Kiswahili, kwa heshima ya Kalekye nadhani. Ilikuwa mara ya kwanza mle ndani. Nilimwona Kalekye ameinamisha mwili mbele, mikono kwenye magoti, kama mtu anayesikia redio ya mbali ikishika vizuri.

Baada ya sala, Mchungaji akavua miwani.

"Parokia imeamua," akasema. "Si adhabu. Kanisa ni watu, na watu wamehama. Leo tutamshukuru Mungu, tufunge mlango kwa amani."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kalekye akasimama.

"Mchungaji, mimi sijahama."

"Najua, mama. Lakini wewe si—" Akasita. "Hujabatizwa na sisi."

"Basi nibatize."

Mchungaji alitabasamu, akatutazama kama anayeomba msaada. "Si hivyo tu, mama. Lazima ufundishwe kwanza. Ni miezi. Uulizwe maswali, ujibu."

"Nifundishwe, halafu ukuje unibatize. Ukifunga leo, utanibatiza wapi?"

"Kuna makanisa mengine hapa karibu. Ya watu wenu."

"Hayo nayajua," Kalekye alisema. "Nilikulia humo, ingawa sikubatizwa. Sijakosana nayo. Lakini nilipofiwa, wa hapa ndio walikuja wakalala kwangu. Mimi ni wa hapa."

Mvua nyepesi ilianza kugonga mabati. Mchungaji Githaiga alikuwa mtu mwema, na nilimwona akihangaika. Aliketi, akasimama tena.

"Haya," akasema mwishowe. "Tuseme nimekubali. Nani atamfundisha? Mimi niko mbali, nafika huku mara moja kwa mwezi barabara ikiwa nzuri. Wazee hawapo. Nani?"

Nilitazama sakafu. Nilijua jibu kabla halijatoka, na nililiombea lisitoke.

"Mimi," mama akasema.

"Si mnahama Jumanne?"

"Nitamfundisha mimi, Mchungaji."

Lori lilikuja. Mama alimpa dereva chai na mkate, akampakilia magunia mawili ya kabeji ya kumpelekea mjomba, akamwambia arudi salama. Mimi sikumsemesha karibu wiki nzima. Nilifunga kitanda changu tena mwenyewe, nikikaza nati kwa hasira.

Mama na Kalekye walikuwa wakisoma Jumamosi mchana, mashine ikizimwa. Kikamba cha mama kilikuwa cha kilo na bei. Hakikuwa na neno la neema wala la kutubu. Alieleza kwa Kiswahili na mikono, Kalekye akamtafutia neno, wakabishana, wakacheka. Desemba Mchungaji alirudi akambatiza Kalekye, pamoja na Wavinya, mke wa mwanawe. Wavinya akaleta mumewe, mumewe akaleta kaka yake. Ilikwenda hivyo, polepole, bila kelele. Siku hizi ibada ni Kikamba na Kiswahili, na mabenchi hayatoshi.

Mama alizikwa Nunguni mwaka juzi, ingawa ukoo ulitaka Kahuro. Kalekye, sasa mzee wa kanisa, alisimama mbele ya wazee wa ukoo na kuwaambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia vijana wachimbe kaburi. Hawakubishana naye.

Niliwahi kumuuliza mama, miaka mingi baadaye, kwa nini siku ile alimjibu Mchungaji bila hata kunigeukia. Alikuwa akichagua maharagwe mlangoni, jua likimpiga mgongoni.

"Mchungaji aliuliza nani," akasema. "Mle ndani mlikuwa na nani mwingine?"

Akapuliza maganda, akaendelea na kazi yake.