Gurudumu la Chuma na Gurudumu la Mti

Kassimu, fundi cherehani wa Songea, alikuwa na maneno ya kila mtu isipokuwa Mwanaheri. Mteja akimletea kitambaa kifupi, alimwambia aende kwanza akapunguze tumbo. Hata karani wa boma alitaniwa, tena akacheka. Lakini Mwanaheri akishaketi upande wa pili wa cherehani na kuweka mkono juu ya gurudumu, fundi alibaki na maneno mawili tu: "Zungusha" na "Basi."

Ndivyo walivyokuwa wakifanya kazi tangu ile njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilimkuta Kassimu barabarani, askari wa Mjerumani wakamkamata awe mpagazi, akaanguka korongoni na mzigo wao, mkono wa kulia ukavunjika na kuunga vibaya. Ukaweza kusukuma, kuzungusha usiweze. Mwanaheri naye, mumewe alikunywa maji ya dawa akaenda vitani, asirudi. Alikuwa Myao wa Tunduru kama Kassimu, hana ndugu Songea, na siku alipokuja kuomba kazi hakuuliza malipo. Aliuliza kama kuna uji.

Cherehani yenyewe ilikuwa majeruhi vilevile. Kabla hajakamatwa, Kassimu aliifukia porini askari wasije wakaichoma, na alipoifukua hakuliona gurudumu lake la chuma. Hironimus, seremala wa Peramiho, akamchongea la mti. Lilikuwa jepesi, linaanza upesi na kusimama upesi. Ukiondoa mkono tu, nalo limeshasimama. Kwa hiyo lilitaka mtu wa kulizungusha asiyebanduka, na hiyo ndiyo kasoro Kassimu aliyoipenda kuliko kitu chochote dukani mwake.

Msimdhanie mjinga. Alijua wazi kwamba anampenda mwanamke yule. Asubuhi alizitambua hatua zake toka mbali. Ila alijiambia kwamba huyu alikuja kwa shida. Nikimposa, aliwaza, atakubali kwa kuogopa njaa, na mke wa namna hiyo simtaki. Basi akazidi kusema "Zungusha", na siku zikaenda.

Ndipo akapita Alfani, mfanyabiashara wa misafara, akirudi Kilwa na hema lililopasuka. Lilikuwa la turubai nene, na mahali pa pindo lilikunjwa likawa nene zaidi. Sindano ilifika hapo ikakwama. Mwanaheri akazungusha kwa mikono miwili, gurudumu la mti likagoma, akajaribu tena mpaka akaachia na kushika bega lake. Kassimu aliona alivyokunja uso.

"Hilo si gurudumu, ni sahani," alisema Alfani. Akapekua mizigo yake na kutoa gurudumu la chuma, jeusi, lililobaki kwenye cherehani ya nduguye iliyoungua wakati wa vita. "Lichukue, liwe malipo ya hema. Hili ukilisukuma mara moja linakwenda lenyewe, na sindano inapita hata kwenye ngozi."

Kassimu alilipima mkononi, asifurahi. Kusukuma aliweza. Gurudumu hili lingemwezesha kushona peke yake, bila Mwanaheri.

"Zito mno," alisema. "Linachelewa kusimama. Litanipitisha kwenye kona."

"Kona gani, fundi?" aliuliza Mwanaheri. "Wewe unashona kanzu na magunia. Kanzu ina kona? Lifunge."

Maneno hayo yalimchoma. Kumbe anataka kuondoka, aliwaza. Akamtazama, akaona bado analisugua lile bega, na hapo ubishi ukamwisha. Afadhali nimkose yeye kuliko nimuumize, alijiambia. Akachukua bisibisi akalifunga.

Alilisukuma kwa kiganja cha kulia. Likaanza kwa uvivu, kisha likashika mwendo, na mikono yote miwili ikabaki huru kuongoza turubai. Sindano ikapita kwenye pindo bila kusita. Alfani akapiga makofi.

"Alhamdulillahi," alisema Mwanaheri, akainuka na kukung'uta kanga. "Sasa unajitosheleza, fundi. Hili la mti nipe mimi, nitafunikia mtungi."

Akaliweka kwapani akatoka. Kassimu aliendelea kushona, maana hakuthubutu kuinua macho. Alipoyainua, Mwanaheri alikuwa amekwisha kufika barabarani. Fundi akasahau sindano, akasahau gurudumu, akafungua kinywa kumwita. Gurudumu nalo, kwa uzito wake, halikusimama. Aliporuka kumfuata, mkono wa kanzu yake ulikuwa umeshonwa barabara kwenye hema.

Akaenda nalo hivyo hivyo. Alitoka dukani akiburuta turubai lote, na Alfani nyuma akipiga kelele kuhusu mali yake.

"Mwanaheri!"

Mwanaheri akageuka, akaona fundi na hema, akacheka mpaka akaketi chini.

"Cherehani inajitosheleza," alisema Kassimu akihema. "Mimi bado."

Kicheko kikamkatika Mwanaheri. "Muda wote huu nazungusha, nangoja neno la tatu. Ulikuwa wapi?"

"Nilidhani umekaa kwa ajili ya uji."

"Njaa ilikwisha zamani, Kassimu! Nina mahindi yangu mwenyewe, yamejaa mpaka darini. Na huo uji wako hauna hata chumvi."

Kassimu alifungua kinywa amwombe awe mke wake pale pale.

"Lakini usinipose barabarani ukiwa umeshonwa kwenye mali ya watu," aliendelea Mwanaheri, machozi yakimlengalenga. "Mjomba wangu Nassoro yuko Tunduru. Mwenye hema anapita huko huko, basi awe mshenga wako, akuposee kwake."

"Nitapeleka salamu, nitapeleka posa, nitapeleka chochote," alisema Alfani, "ila nipeni hema langu nisafiri."

Mwanaheri akarudi dukani akaleta mkasi. Akapiga magoti mbele ya Kassimu, akamshika ule mkono wake mbovu, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja, bila haraka yoyote. Alfani akatua mizigo yake, akaketi kuwangoja.