Mume wa Gati

Miaka miwili Gati alitembea na kimfuko cha pamba ya Bunda ndani ya sidiria, upande wa kushoto, pale saratani ilipochukua titi. Pamba nyepesi, ikawa inapanda begani, akaichanganya na ulezi. Siku ya Kipaimara kimfuko kikapasuka, ulezi ukamwagika mpaka karibu na altare, na Manyamanyama nzima, mtaani kwetu, ikaijua habari kabla ya sadaka. Wengine waliipata kwangu mimi jirani yake, sikatai. Ndiyo maana niliposikia kambi ya madaktari imefika Musoma, nilimpeleka mwenyewe.

Dokta Hilda alimweleza taratibu: watachukua nyama na ngozi ya mgongoni, pamoja na mishipa yake ya damu, waizungushe mpaka kifuani. Titi la mwili wake mwenyewe. Akapangiwa Ijumaa, siku ya mwisho ya kambi.

Ijumaa asubuhi, Leodgar wa mapokezi akasukuma fomu.

"Hapa sahihi ya mume."

"Mume wangu ni Bibi Rhobi wa Butiama," Gati akasema.

Asiyejua ajue: kwetu mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake. Leodgar naye ni mtu wa huku, anajua vizuri kabisa. Lakini alicheka.

"Mimi nataka mume mwenye suruali. Tena hili ni suala la urembo. Mgongo ukakatwe kwa ajili ya urembo, kesho ndugu wanikabe mimi?"

"Urembo ni kupaka kucha," nikamwambia. "Huyu anarudishiwa kilicho chake."

"Basi atafute mwanaume, au nafasi apewe mwingine. Mwisho saa sita."

Gati alikuwa hajala tangu jana. Alikaa kwenye benchi, mkono juu ya kile kimfuko alichokishona upya. Nikapiga simu Butiama.

Saa tano na nusu pikipiki ikasimama mlangoni. Bibi Rhobi akashuka, vumbi mpaka kwenye kope, fimbo mkononi.

"Nani anamtafuta mume wa Gati?"

"Shikamoo, bibi," Leodgar akasema.

Bibi hakuitikia. "Mlipolikata titi hamkuniita. Hamkuuliza mume wala mjomba. Leo linarudi ndiyo mnataka mume? Lete wino."

Ile sauti ilimtoa Dokta Hilda ndani. Akaichukua fomu, akaisoma, akamtazama Leodgar.

"Nani amekwambia mume anasaini? Mgonjwa ni mtu mzima, anasaini mwenyewe."

"Dokta, sisi tulikuwaga tunafanya hivyo."

"Umewarudisha wangapi wiki hii?"

Leodgar akafungua daftari, akalifunga. "Wanne."

Wanne! Wanawake wanne wamerudi makwao na vitambaa vyao kifuani kwa sababu ya mazoea ya mtu mmoja na kalamu yake.

Gati akasaini. Bibi Rhobi akabandika dole gumba chini ya jina la Gati hivyo hivyo. "Ili wajue ana mtu," akasema, akamshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

Dokta akaweka simu mbele ya Leodgar. "Wapigie wote. Waombe radhi, wawe wa kwanza kambi ijayo."

Nikavuta kiti mbele yake nisikie kila neno.

"Huyu wa Suguti hapatikani," akanung'unika.

"Namjua shemeji yake," nikasema. "Andika namba."