Mto Chini ya Goti

Mwalimu Notburga Kapinga aliletwa kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo kwa gari la shule, amekaa kiti cha nyuma peke yake, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kiti kama mzigo aliokabidhiwa na mtu mwingine. Alikuwa ametoka Dar es Salaam, ambako madaktari walilitoa goti lake lililosagika wakamwekea la bandia. Sasa kazi iliyobaki ilikuwa ya hospitali ya hapa Mbinga: kumfundisha kulikunja goti jipya, kulinyoosha, kupanda nalo ngazi, na mwishowe kumrudisha kazini. Kazi yake ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, juu ya kilima nje ya mji. Alikuwa mkuu wa shule hiyo kwa miaka mingi, hata watu waliacha kuitaja kwa jina lake. Walisema tu, kwa Notburga.

Kliniki ilikuwa na wataalamu wawili, mzee Kilian aliyekuwa anakaribia kustaafu, na Loveth, binti wa Lundo, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu aajiriwe. Mwalimu aliomba ahudumiwe na Loveth. Kilian hakuuliza sababu, maana wagonjwa wake walimtosha.

Loveth alimtambua kabla hajashuka garini. Aliitambua ile shingo iliyonyooka, na namna alivyongoja mlango ufunguliwe na mtu mwingine. Akamwamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni binti wa wapi?"

"Wa Lundo."

"Lundo mna usipa watamu," mwalimu alisema, akiwataja wale dagaa wa ziwani, kisha akaomba maji ya kunywa.

Loveth alimletea maji, akasimama akimtazama anavyokunywa, akajiuliza inawezekanaje mtu akamfanyia mwenzake jambo lile na asibaki hata na kumbukumbu yake.

Loveth alikuwa kidato cha pili katika shule ile ya kilimani. Mama yake alifariki likizo ikiwa inaisha, wakamzika pale pale Lundo, kwenye makaburi ya kanisa yanayotazama ziwa, na kwa sababu ya msiba Loveth akachelewa kurudi shule. Alifika na kitambaa cheusi kimefungwa mkononi. Mwalimu Notburga alimsimamisha mbele ya shule nzima, asubuhi, akasikiliza maelezo yake mpaka mwisho bila kumkatisha. Halafu akasema, "Mama yako amekufa. Sheria za shule hazijafa."

Akamwamuru atembee kwa magoti kutoka kwenye mlingoti wa bendera mpaka jikoni. Siku hizo palikuwa pamemwagwa kokoto za ujenzi. Wasichana wengine waliamriwa waimbe, na wakaambiwa kwamba wimbo ukilegea, Loveth atarudishwa kwenye mlingoti aanze upya. Kwa hiyo waliimba kwa nguvu zao zote, kwa kumhurumia. Walipiga na makofi. Loveth alikwenda mwendo ule wote akishangiliwa kama bibi harusi, na damu ikimchirizika kwenye soksi. Magoti yalitunga usaha. Yalipopona yaliacha makovu meusi yaliyokunjamana, na tangu hapo hakuwahi kuvaa sketi fupi wala kupiga magoti kanisani. Alikuwa anainamisha kichwa tu.

Sasa goti la Notburga lilikuwa mikononi mwake.

Kazi hiyo ina ukweli mmoja ambao wagonjwa huuchukia. Baada ya kuwekewa goti bandia, wiki za mwanzo ndizo zinazoamua kila kitu. Nyama za ndani huota kovu, na kovu hilo halina subira. Goti lisipokunjwa na kunyooshwa kila siku, hata kama mgonjwa analia, linajifunga kama mlango uliopigwa misumari. Wagonjwa hutukana, huwaita mama zao, humwomba mtaalamu awaache angalau leo, na mtaalamu mzuri hawaachi. Lipo pia katazo ambalo mwanafunzi hulisikia mwanzoni kabisa mwa masomo yake: usimwekee mgonjwa mto chini ya goti. Mto unastarehesha. Mgonjwa akiwekewa hupumua, hushukuru, hulala usingizi. Na goti likikaa juu ya mto muda mrefu hujikunja kidogo na kubaki hivyo hivyo, halinyooki tena.

Siku ya kwanza Loveth alimlaza mwalimu kitandani, akaushika mguu, akaanza kuukunja taratibu. Jasho lilimtoka mwalimu kwenye paji la uso. Hakulia. Aliuma meno akashika ukingo wa kitanda, na macho yake yakawa yanamtazama Loveth moja kwa moja, yanangoja. Loveth akaachia. Akachukua mto, akauweka chini ya lile goti.

"Pumzika, mwalimu," alisema. "Tutakwenda polepole."

Mwalimu alionekana kushangaa. Kisha uso wake ukalainika kwa namna ambayo Loveth hakuwahi kuiona.

Usiku ule alijiambia kwamba kesho ataanza kazi vizuri. Kesho yake alimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, akampaka mafuta, akamwambia maumivu ni dalili mbaya, asijilazimishe. Akamweleza na nyumbani alale na mto. Keshokutwa ikawa hivyo hivyo. Baadaye aliacha kujiambia chochote. Alichukua kile kipimo cha plastiki cha kupimia mkunjo, akaona goti linavyozidi kukaza, akalifunika kwa shuka na kumsifu mwalimu kwamba anaendelea vizuri. Alirudi nyumbani, akala, akalala. Alikuwa amezoea kuota zile kokoto; sasa hazikumjia tena.

Mwalimu alianza kumletea vitu: ndizi mbivu, maharage mapya, kahawa aliyoikaanga mwenyewe. Akawa anamsimulia habari zake, kwamba hakuolewa, kwamba shule ndiyo nyumba yake, na kwamba anataka awe amerudi kazini kabla ya mahafali ya kidato cha nne. Wagonjwa wengine waliokuwa wakipiga kelele mikononi mwa Kilian walimwonea wivu.

"Una mkono mwepesi, mwanangu," alimwambia Loveth siku moja.

Kilian aliuona mto mara moja tu, alipopita kuchukua bendeji. Alisimama. Alitaka kujua umefikaje pale. Loveth alimjibu kwamba mgonjwa ameuweka mwenyewe, na kwamba amemkataza mara nyingi hasikii. Kilian akatikisa kichwa, akasema walimu ndio wagonjwa wabishi kuliko wote, akaenda zake. Alimwamini. Hakuwa na sababu ya kutomwamini.

Afisa elimu alipouliza kama mkuu wa shule yuko tayari, Loveth alisema yuko tayari. Ni kawaida mtaalamu kufuatana na mgonjwa siku anaporudi kazini, aangalie ngazi zikoje, kiti kina urefu gani, choo kiko umbali gani, amshauri mwajiri. Kwa hiyo alipanda kilima pamoja naye kwenye gari lile lile la shule. Mwalimu alikuwa amevaa suti ya kijani na amesuka nywele upya. Njia nzima alikuwa ameushika mkono wa Loveth.

Makamu wake, mwalimu Evarist, alikuwa amewapanga wasichana wote uwanjani. Kulikuwa na jukwaa la saruji lenye ngazi chache, ambalo mkuu wa shule alizoea kuhutubia akiwa juu yake. Evarist alitaka kumsaidia kupanda, akakataa. Alishika bomba la pembeni, akatanguliza mguu mzima, akaufikisha juu. Kisha akauvuta wa pili. Goti halikukunjika. Ncha ya kiatu iligonga ukingo wa ngazi, ikagonga tena, na tena, mguu ukining'inia nusu umekunjwa nusu umenyooka kama fimbo iliyopinda. Hakuweza kupanda wala kushuka. Alibaki pale, ameegemea bomba, amewapa wasichana mgongo.

Halafu mtu mmoja nyuma kabisa akacheka, cheko dogo la puani, na wa pembeni yake akashindwa kujizuia. Kikawafuata kicheko cha wengi, kile cha watu walioogopa muda mrefu. Evarist hakuwanyamazisha. Alingoja mpaka kikaisha chenyewe, kisha akamwita mlinzi, akamwambia kwa adabu kubwa amsaidie mama. Mlinzi alimshika makwapani akamteremsha, suti ikampanda mpaka mapajani, wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya jukwaa. Evarist akapanda yeye. Alihutubia muda mrefu, akamshukuru mkuu wa shule kwa utumishi wake wa miaka mingi kana kwamba anasoma wasifu wa marehemu, huku viatu vyake vikiwa usawa wa kichwa cha mwalimu.

Loveth alikuwa amesimama kando, chini ya ukingo wa paa la darasa. Kicheko kilipoanza alisikia utamu mwilini, utamu kabisa, kama mtu aliyekunywa maji baada ya kiu ya siku nzima. Ulidumu kwa muda wa kicheko chenyewe. Kilipokwisha alitafuta kitu kingine ndani yake, hakukiona.

Mwalimu alirudishwa Dar es Salaam. Walimchoma sindano ya nusu kaputi wakajaribu kulikunja goti kwa nguvu, lakini muda wa jambo hilo ulikuwa umepita. Kovu lilikuwa limeshakuwa gumu, na walihofia kuvunja mfupa. Akastaafishwa kwa sababu za kiafya. Evarist akakaimu nafasi yake, na kabla ya mahafali alikuwa amehamia nyumba ya mkuu wa shule. Vitu vya mwalimu vilitolewa nje wakati mwenyewe bado yuko safarini, na mvua ya Mbinga, isiyobisha hodi, ikavikuta uani.

Aliporudi alipanga chumba mjini, karibu na soko. Alikuja kliniki siku ya Jumatatu, kwa bodaboda, mguu umetokeza pembeni, mwendesha pikipiki akilalamika kwamba utawagonga watu. Alingoja mpaka Loveth akabaki peke yake. Hakukaa.

"Nilikujua siku ile ya kwanza," alisema. "Nilikujua hata kabla sijaja. Niliulizia nani wako hapa, nikatajiwa jina lako, nikasema nataka huyo."

Loveth aliweka chini shuka aliyokuwa anaikunja.

"Daktari wa Dar aliniambia mapema kwamba hili goti linataka mtu asiye na huruma. Nikawaza, katika Mbinga nzima, nani hatanionea huruma mimi? Nikasema yule mtoto wa kokoto. Yeye atalikunja mpaka nilie, na mimi nitalia, tutakuwa tumemaliza." "Uliponiwekea mto, nilidhani umenisamehe. Nilikwenda kanisani kushukuru."

Loveth alisema kwa sauti ndogo kwamba alichelewa kwa sababu ya mazishi ya mama yake. Ndilo neno pekee lililomjia, miaka yote ile baadaye, na lilitoka kama linavyotoka kwa mwanafunzi.

"Najua," mwalimu alisema. "Nililijua siku ile pia."

Halafu akamweleza kwamba kule Dar madaktari walitambua kwamba goti limekaa juu ya mto, wakauliza ni nani aliyeuweka, na kwamba yeye alijibu aliuweka mwenyewe, kwa ubishi wake. Loveth alianza kulia. Alitaka kushukuru, lakini mwalimu aliinua kiganja, kama alivyozoea kuwanyamazisha wasichana.

"Usifikiri ni huruma. Ukifukuzwa utakwenda Lundo, utaolewa, utauza usipa, utasahau. Nataka ubaki hapa hapa, uendelee kushika magoti ya watu."

Loveth alibaki. Aliomba uhamisho, mara ya kwanza ukakataliwa, mara ya pili hakujibiwa. Wagonjwa wakaendelea kuletwa: dereva wa lori la makaa ya mawe, mama mmoja mkulima wa kahawa kutoka Mkumbi, fundi kutoka kijiji cha Ruanda aliyeanguka kwenye paa. Aliwakunja bila kuwabembeleza, wakamwita mkatili mbele yake na nyuma yake, na walirudi makazini mwao wakitembea vizuri. Kilian alipostaafu, alisema katika hotuba yake kwamba anaiacha kliniki mikononi mwa mtu anayejua kazi.

Na kila Jumatatu Mwalimu Notburga alikuja. Hakukuwa na tiba tena, na wote wawili walijua. Alikaa kwenye benchi la nje, karibu na mlango, mguu wake umekaa vile vile, haukunjiki wala haunyooki, akawasalimu wagonjwa kwa upole, akawauliza habari za watoto wao, akawaambia wamsikilize sana binti huyu. Loveth alipotoka kuita jina linalofuata, ilimbidi apite mbele yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," mwalimu alimjibu, akausogeza mguu pembeni kwa mikono miwili ili ampishe.