Tapeli wa Ukutani

Mume wangu ni fundi cherehani, na siku ya kesi alivaa suti aliyojishonea mwenyewe, utadhani anakwenda kuoa. Mfukoni alikuwa na barua ya benki: mkopo umelipwa wote, riba na kila kitu.

"Mke wangu, deni limekwisha. Kesi itoke wapi?"

Lakini mimi namjua. Miaka miwili nyuma, afisa mikopo alipokuja kukagua dhamana, mume wangu alikuwa na vyerehani viwili tu. Akaazima sita kwa mafundi wa mtaani, akavipanga mstari kama vyake vyote, akasimama mbele yavyo akichekelea. Afisa akapiga picha, hela ikatoka. Kulipa alilipa, tena kwa kujibana hasa, lakini benki waligundua uongo kabla hajamaliza, wakampeleka polisi. Nami niliogopa jela. Nani angebaki kunichekesha nyumbani?

Mahakamani aliinua barua juu. "Mheshimiwa, hata benki wenyewe hawanidai!"

Mwendesha mashtaka, mama mwenye sauti ya upole, akampa ile picha ya vyerehani. "Huyu ambaye picha yake imebandikwa ukutani, nyuma yako, ni nani?"

"Tapeli huyo! Alijifanya kaka wa mteja wangu, akaondoka na suti."

"Hakuilipa?"

"Aliilipa, baada ya wiki mbili."

"Na bado yuko ukutani?"

"Yuko."

"Kwa nini, kama alilipa?"

"Mama, kulipa alilipa, lakini si alinidanganya!"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu mwenyewe alijificha nyuma ya faili. Kweli mdomo huponza kichwa. Mume wangu akaikunja barua yake taratibu.

"Nimekosa, mheshimiwa."

Hakimu alisema kulipa kumemwepusha na jela, ila hakukufuta kosa. Kwa miezi sita, kila Jumamosi, atashona mashuka ya hospitali bure. Nikashusha pumzi, karibu nimkumbatie askari aliyekuwa kando yangu.

Tulipofika dukani kwake, nilidhani atambandua yule tapeli. Wapi! Alitafuta picha yake ya pasipoti, akaipaka gundi, akajibandika pembeni yake.

"Miezi sita," akasema, "halafu nashuka."

"Na mwenzio? Mwaka wa tatu huu yuko hapo."

Akamsogelea yule mtu pale ukutani. Kisha akambandua, polepole asimchane, na ya kwake akaiacha.