Dawa ya Msokoto wa Tumbo

Arpine na mimi tunafanya kazi pamoja kwenye maktaba ya hati za kale hapa Yerevan, meza yake ikitazamana na yangu. Mumewe, Taron, aliuawa vitani kabla hawajajaliwa mtoto. Watu walimwambia bado ni kijana, aanze upya. Hakuanza. Kisha Artsakh nzima, jimbo la Waarmenia milimani alikotoka Taron, ikahama kwa vita, na baba mkwe wake, Yeghishe, akawa hana mahali pengine pa kufikia isipokuwa kwa mjane wa mwanawe, ghorofa ya sita, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi ikitaka.

Mzee alikuwa daktari wa mifugo, na katika mifugo, farasi. Alifika na koti alilovaa, picha za marehemu mkewe na za Taron, na mkoba wake wa kazi ambao haukuwa na dawa hata tone. Akakaa dirishani jikoni akitazama watu wanavyogombania nafasi za kuegesha magari. Arpine akimwuliza atakula nini, alijibu, "Chochote, mwanangu." Akipewa hicho chochote, alimega kidogo na kusukuma sahani.

Wakati huo Arpine alikuwa amepewa kitabu cha tiba ya farasi, kilichoandikwa enzi zile wafalme wetu walipokuwa bado wana jeshi na mazizi. Lugha yake ni ya kale. Mtu wa leo akikisoma anaambulia neno hapa na neno pale. Kazi ya Arpine ilikuwa kukitia katika Kiarmenia cha sasa na kueleza kila ugonjwa uliotajwa. Lugha aliijua. Farasi alikuwa akiwapanda tu, tena zamani, Taron akiwa ameshika kamba.

Jioni moja alikwama, akainua kichwa.

"Baba, farasi anayegeuka kutazama ubavu wake ana nini?"

"Tumbo," mzee alisema bila kugeuka.

"Na anayeparura ardhi kwa kwato?"

"Tumbo hilohilo. Nani anauliza?"

"Mtu aliyekufa miaka mia saba iliyopita."

Hapo mzee akageuza kiti. "Basi alikuwa anaijua kazi yake. Soma."

Ndivyo walivyoanza. Kila Arpine akirudi kazini alikuta meza ya jikoni imefutwa na chai imeshachemshwa. Alisoma kwa sauti, mzee akaeleza mgonjwa alikuwa anaumwa nini, na mara nyingi wakabishana. Siku moja walifika kwenye dawa ya kikohozi: farasi anyweshwe mvinyo mkongwe uliokorogwa na mayai mabichi na asali.

"Na daktari anyweshwe nini?" mzee aliuliza.

"Haijaandikwa."

"Kuna karatasi imepotea hapo. Tafuta vizuri."

Arpine alinisimulia hayo asubuhi iliyofuata, na nikatambua kwamba tangu msiba wa Taron sikuwa nimemsikia akisimulia jambo la kuchekesha. Mzee naye alianza kula. Alianza hata kulalamikia lavashi ya mjini, ule mkate wetu mwembamba, kwamba ni karatasi ya kufungia viatu. Arpine alifurahi kulalamikiwa.

Kisha wakafika kwenye mlango wa msokoto wa tumbo.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi. Mzizi fulani ung'olewe kabla ya maua, uoshwe tope, uchemshwe kwa maji mengi, uchujwe, farasi anyweshwe ukiwa na joto la mkono, kisha atembezwe polepole mpaka apitishe upepo. Lakini palipotajwa mzizi palikuwa pamepigwa na maji zamani, na herufi moja ilikuwa imefutika. Kwa mwandiko ule, herufi hiyo ikiwa hivi, neno ni tangawizi. Ikiwa vile, ni mmea ambao wanavijiji huuita sikio la punda, wenye majani mapana na maua ya manjano, unaoota popote penye unyevu.

Arpine alimweleza hayo kama jambo la kawaida la kazi. Mzee akasukuma kikombe kando. Baadaye akauliza, "Na wewe unaona ni lipi?"

"Bado sijui, baba. Kwa nini?"

"Voskehat," alisema.

Voskehat alikuwa farasi jike wa Taron, mwenye rangi ya dhahabu kama walivyo farasi wa kwao. Arpine alijua kwamba alikufa mwaka ule barabara ilipofungwa, chakula na dawa visipite. Alidhani ni njaa. Sasa mzee akamwambia kwamba haikuwa njaa. Majani ya kawaida yalikuwa yamekwisha, wakawa wanawapa farasi chochote kilichopatikana, na tumbo likamsokota. Ugonjwa ambao, kama angekuwa na sindano, ni wa kutibu na kurudi nyumbani kunywa chai.

"Nilimtembeza mpaka akakataa kutembea," alisema. "Akalala, nikakaa naye. Alikuwa ananitazama mimi. Wanyama wanamjua daktari, mwanangu. Alikuwa anangoja nifungue mkoba."

Arpine akamshika mkono.

"Sikio la punda lilijaa nyuma ya zizi," mzee aliendelea. "Nilikuwa nalifyeka kila mwaka, linaziba mfereji. Tangawizi, kwa mwaka ule, hata ya kutia kwenye chai usingeipata. Kwa hiyo nitafutie. Nataka kujua ni lipi."

Kuna nakala ya pili ya kitabu kile, inatunzwa na watawa ng'ambo. Arpine aliandika kuomba picha ya ukurasa huo. Ilipofika, nilikuwa nimekaa mbele yake. Aliangalia kompyuta muda mrefu, kisha akaniita nizunguke meza. Neno lilikuwa zima, wino mweusi kabisa, wala halikuhitaji msomi. Sikio la punda.

"Utamwambiaje?" nilimwuliza.

"Tangawizi," alisema.

Nilimwambia mambo ambayo mtu wa kazi yetu husema: kwamba neno si mali yetu, kwamba mtu akishaanza kuchagua hivyo hajui atakomea wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe hukai naye pale dirishani," alisema. Nikarudi kwenye meza yangu.

Akamwambia ni tangawizi. Mzee aliitikia kwa kichwa, akasema, "Haya. Asante, mwanangu," akamwomba asome ugonjwa unaofuata. Majira yote ya baridi walifanya kazi vizuri. Mzee alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na majani ya kila aina na kumpikia mikate ya mboga ya kwao, akiguna kwamba hata mboga za huku hazina harufu. Arpine alinenepa kidogo. Nilianza kuamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, kurasa za majaribio zilirudi kutoka kwa mpiga chapa. Arpine alikuwa bado ameliacha neno tangawizi. Aliniambia angelirekebisha dakika ya mwisho, mzee akishapitia. Mzee alivaa miwani, akakaa mezani na kalamu nyekundu, akapitia ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika kwenye mlango wa msokoto, alikata neno tangawizi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: sikio la punda.

Arpine alikuwa anaosha vyombo. Alipogeuka akaona, maji yakabaki yanamwagika.

"Baba."

"Umetafsiri vizuri mstari unaofuata," mzee alisema. "Unasema mzizi ung'olewe kabla maua hayajachanua, uoshwe tope. Tangawizi ilikuja huku kutoka India, imekauka, juu ya mgongo wa ngamia. Nani angeiosha tope?"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyonisomea mara ya kwanza. Mstari huo ulikuwepo. Nilikuomba utafute nikitumaini nimekosea."

"Sasa kwa nini uliniacha niseme vile?"

Mzee alivua miwani. "Ulinipa majira mazima ya baridi ya kulala usingizi. Sikuamini hata siku moja, lakini nililala."

Arpine akaanza kulia, akisema kwamba labda mzizi wenyewe usingefaa kitu, kwamba ni kitabu tu, kina pia mayai na mvinyo.

"Labda usingefaa," mzee alisema. "Labda ungefaa. Hilo halitafsiriki. Lakini wapo watu wenye farasi watakaosoma hapa, na iko siku mmoja wao atakuwa hana dawa. Andika lilivyo. Na funga bomba, utatulipisha maji ya jengo zima."

Kitabu kilitoka vuli, kikiwa na majina yao mawili. Tulikifanyia sherehe ya maua na konyaki kidogo pale kazini, na mzee alipanda ngazi za maktaba akiwa amevaa tai ya Taron. Watu walimpa mkono. Alishukuru kila mmoja. Nakala yake hakuifungua. Alimpa mfugaji mmoja kijana kutoka kusini aliyekuja kusikiliza.

Sasa mzee halali tena vizuri. Arpine anasema humkuta alfajiri ameshavaa, amekaa jikoni. Hamwulizi kitu. Huweka birika motoni, hukaa naye, na kila mmoja hunywa chai yake mpaka muda wa kwenda kazini ufike.