Hodi ya Nne

Niliota, usiku wa jana huu huu, kwamba nimo ndani ya yai.

Sikushangaa. Kazini kwetu sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta tunaiita kiini, na mimi nina mwaka wa sita nahudumia kiini cha kompyuta ya benki ya damu ya mkoa. Kwa hiyo kuta ni za manjano, zina uvuguvugu, na viatu vyangu vinazama kidogo. Najuta tu kwamba sikuvaa ndala.

Mbele yangu kuna lango, na langoni amekaa bawabu mwenye macho tisa. Nje kuna foleni ya vifurushi vidogo vya karatasi ya kaki, kila kimoja kina miguu miwili na soksi. Hayo ni maombi ya damu kutoka zahanati zote za mkoa.

"Shikamoo, fundi," bawabu akaniamkia, ingawa anamzidi babu yangu umri.

"Marahaba," nikaitikia, na aibu ikanishika hata ndotoni.

"Zamani kila kifurushi nilikuwa nakisomea kanuni elfu moja mia moja na arobaini, ya kwanza mpaka ya mwisho. Foleni inafika barabarani. Tangu jana jioni nasoma tisa tu. Umenipumzisha sana."

"Na hayo mashimo usoni?"

"Kila kanuni ilikuwa na jicho lake."

Yalikuwa mashimo mengi, yamezibwa vizuri. Kazi yangu huwa ni safi, sikatai. Mkuu wangu, Bwana Kalonga, alinipa mpaka Ijumaa niharakishe lango. Nikafuta kanuni, nikaunganisha nyingine, halafu juu kabisa nikaweka ile ninayojivunia: kifurushi kutoka anwani ambayo haijabisha kwa siku tisini, kitupwe kimya. Hakijibiwi, hakipotezewi muda. Kinachobaki ni namba tu, vimetupwa vingapi na vilitoka wapi. Bwana Kalonga alinipa mkono mbele ya wenzangu.

Kifurushi chenye soksi nyekundu kinasogea langoni.

"Hodi," kinasema.

Bawabu anatazama ukuta.

"Mbona hukiitikii?" namuuliza.

"Kuitikia kunakula muda. Uliandika kimya."

"Basi kiambie hatupokei, kiende kwingine."

"Huko ni kukataa, fundi. Wewe hukuandika kataa. Uliandika tupa."

Ni kweli niliandika tupa. Nilichagua neno hilo mwenyewe, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Aliyekataliwa anajua amekataliwa, anatafuta njia nyingine. Aliyetupwa anaendelea kungoja.

"Hodi," kifurushi kinasema tena, baada ya kusubiri kidogo.

Nainama kusoma lebo yake. Zahanati ya Kilindimo. Damu, kundi O hasi, chupa mbili. Mzazi anavuja damu. Ameomba: Muuguzi Atupele Mwaisaka.

"Huyu ni dada yangu," namwambia bawabu. "Ndiye aliyenilea."

Anapekua daftari lake. "Kilindimo wamebisha mara ya mwisho siku tisini na tatu zilizopita."

"Kwa sababu hakuna aliyehitaji damu. Si jambo jema hilo?"

"Kanuni haina mahali pa kuuliza hivyo."

"Hodi." Mara hii kimesubiri muda mrefu zaidi, na sauti imepungua. Kisha kinavua soksi, kinazikunja, kinaziweka kando ya lango na kujitumbukiza kwenye shimo la taka lililo pembeni. Hausikiki mshindo wowote.

"Kitarudi," nasema.

"Mgeni anabisha mara tatu. Ya nne ni kukosa adabu. Hata vifurushi vimelelewa."

Nikampokonya daftari ili niifute ile kanuni. Niliogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa. Wino wake ni ute wa manjano, unateleza vidoleni. Nafuta, ukurasa unakuwa mgumu, unakuwa mbao, unakuwa mlango. Ni mlango wa Zahanati ya Kilindimo, mchana mweupe.

Dirishani namwona dada amekaa mbele ya kompyuta, mikono magotini. Kwenye skrini pameandikwa neno moja: Inasubiri. Nyuma yake kuna kitanda, na mguu wa mwanamke unaosogeasogea chini ya shuka.

"Nesi, wamejibu?" anauliza mama mmoja mtu mzima aliyeshika mguu ule.

"Bado, mama," dada anasema. "Wangekuwa hawana, wangesema. Tungoje kidogo."

Nikapiga hodi. Dada hakugeuka. Nikapiga tena, kwa nguvu, na nikamwona bawabu amekaa kizingitini, daftari mapajani.

"Mara ya mwisho kuja kwa dada yako ilikuwa lini?" akaniuliza.

Nikahesabu. Ilikuwa Pasaka, tena niliondoka kabla ya chakula.

"Zinazidi tisini," akasema kwa upole.

Ndani, mguu umeacha kusogea. Nikapiga hodi ya tatu, nikaamka.

Kumekucha, jogoo wa jirani ameshanyamaza. Nimekaa kitandani nikajicheka, nikajiambia ni uchovu wa wiki nzima. Halafu nikafungua kompyuta, ili niache kuwaza tu. Kanuni ya kwanza, vilivyotupwa: 3. Vyote vimetoka anwani moja, Kilindimo, alfajiri ya leo, kila kimoja kimesubiri zaidi ya kilichotangulia.

Nimempigia dada. Nambari haipatikani kwa sasa.

Kanuni nimeifuta. Lango liko wazi, na mimi nimekaa mbele ya skrini tangu saa kumi na mbili, nimekwisha kuandika "karibu", nangoja abishe mara ya nne.