Vali ya Bwana Pinfold

Siku Siliga aliporudi kutoka hospitali, mama yake, Falanika, alipika sufuria kubwa ya tambi na nyama, akatandika mkeka sebuleni. Ilikuwa nyumba ya mbao ya kupanga, hapo mtaa wa Ponsonby, ambayo kuta zake hutoka jasho tangu Juni mpaka Septemba.

Mtoto ana miaka kumi na mmoja. Koo lilimuuma wiki nzima, mama akamsugua mafuta ya nazi. Ugonjwa ukashuka magotini, kisha ukaingia moyoni. Daktari alikata vali iliyoharibika, kile kilango cha damu moyoni, akaweka ya marehemu mmoja, iliyolowekwa dawani na kupunguzwa kingo kwa mkasi mdogo. Aliishona kwa safu mbili za uzi mwembamba kama unywele.

Sala ya jioni ilipofika amina, vali ikasema, "Hapa pana baridi mbaya."

Sauti waliijua. Ni Bwana Pinfold, mwenye nyumba, aliyefariki mwezi uliopita baada ya kuiachia hospitali mwili wake.

"Keti vizuri," Falanika akamwambia binti yake. "Una mgeni mtu mzima."

Kwa Wasamoa kama wao, mgeni mtu mzima huhudumiwa kwanza, basi Siliga akawa anatanguliziwa chai kabla ya baba yake na hata mchungaji.

"Mama, amekula na kiazi changu!" Tala, mdogo wake, akalalamika.

"Nyamaza. Si yeye, ni mzee."

Juni ikaingia. Vali ikalalamikia godoro bichi na ukungu wa dari, na kila ikitetemeka, midomo ya Siliga iligeuka buluu. Daktari akasikiliza kifua. Mishono ilikuwa salama.

"Mama, mtafutie mahali pakavu," akasema. "Hapo mtoto hamalizi baridi hii."

Falanika akamwita Colin, mwana wa marehemu, aliyerithi nyumba. Akamketisha mbele ya Siliga.

"Baba yako atakueleza mwenyewe."

Colin akainama. "Baba, nyumba ikoje?"

Vali ikapiga mara tatu. Kisha ikasema, "Kavu kama biskuti, mwanangu. Hawa hawafungui madirisha tu."

"Nilijua," akasema Colin. Akafungua dirisha, mvua ikaingia, akaaga.

"We mzee huna haya!" Falanika akafoka. "Siku zote unatetemeka humo kifuani mwa mwanangu!"

"Funga dirisha, tafadhali," ikajibu vali.

Akalifunga. Nyuma yake Tala akasema koo linamwasha.

Falanika hakungoja jioni. Alimvika koti, akamburuta hadi zahanati, na kwenye foleni akawaambia kina mama wote wawachungulie watoto wao makoo leo hii, wasisubiri magoti yaume.

Muuguzi akapitisha kijiti cha pamba kooni mwa Tala kuchukua kipimo. "Na yule mkubwa anaendeleaje?"

"Moyo hauna neno," akasema Falanika. "Anayetetemeka ni mwenye nyumba."

Muuguzi akaandika, akaita anayefuata.